Kibaba, Ngama na Muungwana: Methali za Kiswahili kama Ushahidi wa Historia ya Pwani na Bara

Ikisiri

Methali za Kiswahili hufundishwa shuleni na vyuoni kama hazina ya maadili. Historia iliyohifadhiwa ndani ya maneno yake hupewa nafasi ndogo, na mara nyingine pengo hilo hujazwa kwa simulizi za asili ambazo hazijachunguzwa. Makala haya yanachunguza methali nane, jina moja la mji na wito mmoja wa kazi. Hoja kuu ni kwamba vitu vinavyotajwa ndani ya methali, pamoja na sarufi yake, hutoa ushahidi wa kihistoria ulio imara kuliko hadithi zinazosimuliwa kuihusu. Ushahidi huo ukizingatiwa, methali zinazodhaniwa kusema kwa sauti moja ya jamii nzima hudhihirika kuwa zimebeba sauti za watu wa hadhi mbalimbali: mwenye mali, mchukuzi, muungwana na mtumwa.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kinazidi kufundishwa mbali na mazingira yaliyokilea. Mwaka 2017 Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wake kama lugha rasmi nchini humo. Mwanafunzi wa Kigali, Kampala au Bujumbura hukutana na methali mapema katika masomo yake. Huzipata katika orodha, kila methali ikiwa na maana yake pembeni, naye huzikariri kwa ajili ya insha na mtihani. Kwa njia hiyo hujifunza kuzitumia bila kukiona kitu kilichozizaa. Anajua kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini hajawahi kukiona kibaba. Anajua kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini akiulizwa ngama ni nini, hujibu kuwa ni nyumbani.

Hali hiyo haimhusu mwanafunzi wa bara peke yake. Hata katika miji ya pwani, vipimo vya zamani, vyombo vya tanga na hadhi za kijamii zilizotajwa katika methali vimetoweka au vimebadilika. Maneno yamebaki, vitu vimeondoka. Mahali palipoachwa wazi na vitu hivyo huingia mambo mawili. La kwanza ni fasili ya kimaadili isiyo na wakati wala mahali, kana kwamba methali ilishuka ikiwa imekamilika. La pili ni simulizi ya asili: kisa kifupi, kitamu, kinachodai kueleza msemo ulivyoanza, ambacho hurudiwa mpaka kikakubaliwa kuwa historia.

Makala haya hayamtafuti mtunzi wa kwanza wa methali yoyote. Methali ni mali ya wasemaji wengi, na kwa kawaida huwa imezeeka kabla haijaandikwa. Kinachotafutwa ni kile ambacho methali yenyewe inaweza kushuhudia. Aina tatu za ushahidi zinatumika: ushahidi wa lugha, yaani sarufi na msamiati, ushahidi wa kitu kinachotajwa, na ulinganifu wa simulizi ya asili na rekodi za mahali na wakati inaodai kuwa chimbuko lake.

2.0 Methali Zilivyoingia katika Maandishi

Rekodi nyingi za kwanza zilizochapishwa za semi za Kiswahili zinatokana na wamisionari wa karne ya 19. Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyotokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake katika eneo la Mombasa, ilichapishwa mwaka 1882. Mwaka 1891 William Taylor wa Mombasa alitoa kitabu kizima cha methali na misemo, African Aphorisms. Katika karne ya 20 wenyeji walichukua nafasi kubwa zaidi katika kazi hiyo, na mkusanyo wa methali wa S. S. Farsi wa Zanzibar wa mwaka 1958 ulitumiwa sana na wasomi waliofuata.

Rekodi hizo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari mbili. Kwanza, mwaka wa kuandikwa ni kikomo cha upande mmoja tu: unathibitisha kwamba kufikia wakati huo methali ilikuwapo, bila kuonyesha ilizaliwa lini. Pili, mkusanyaji huandika anachosikia kwa watu anaokaa nao. Taylor alifanya kazi pamoja na wanazuoni wa Mombasa, miongoni mwao Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu aliyehifadhi pia tungo nyingi za Muyaka bin Haji. Baraza la wasomi wa mjini lilikuwa na lugha bora na kumbukumbu ndefu, lakini halikuwa baraza la wachukuzi wala la watumwa wa mashamba. Kwa hiyo sauti ya watu hao ikionekana katika methali zilizohifadhiwa, inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa ilipenya kizuizi kikubwa.

3.0 Ushahidi wa Lugha

3.1 Tembo la mgema

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wanafunzi wengi waliolelewa mbali na minazi huchora katika fikra zao picha ya ndovu akitiwa maji. Sarufi inaikataa picha hiyo. Katika kitenzi hulitia, kiambishi cha mtendwa ni -li-, ambacho kinarejelea nomino ya ngeli ya LI-YA. Kama tembo hapa angekuwa mnyama, methali ingesema humtia. Tembo linalotajwa ni kinywaji kinachopatikana kwa kugema, yaani kulikata karara la mnazi na kukinga maji yake yanayotiririka. Jina la mnyama lililozoeleka zaidi katika Kiswahili cha zamani cha pwani ni ndovu, neno lenye ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, kama enjovu ya Kiganda na njogu ya Kikuyu.

Kiambishi kimoja kimeihifadhi habari nzima ya mahali na ya kazi. Methali ilizaliwa mnazi ulikomea, na ilizaliwa sokoni. Tembo huuzwa kwa kipimo na huongezeka likitiwa maji. Mnunuzi anayelisifu tembo mbele ya mgema amekwisha kumwonyesha kwamba hataondoka hata likipungua ukali. Fasili ya kawaida, kwamba mtu akisifiwa huharibu kazi, ni sahihi lakini imeficha nusu ya onyo. Anayeonywa si mgema peke yake. Mnunuzi anayemsifu muuzaji kabla ya kupimiwa anaonywa pia.

3.2 Haraka na baraka

Haraka haraka haina baraka. Maneno yote mawili makuu ya methali hii yana asili ya Kiarabu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba methali nzima ilitafsiriwa kutoka lugha hiyo. Uchunguzi unaonyesha jambo la kushangaza. Msemo maarufu wa Kiarabu unaoyakutanisha maneno hayo, al-haraka baraka, una ujumbe unaoelekea upande wa pili: kujongea kuna baraka, asiyejituma hapati. Katika Kiarabu haraka ni mwendo, mjongeo, kinyume cha kutulia. Katika Kiswahili neno hilo limekuwa kasi, kinyume cha utaratibu. Vina vilevile viwili vimebaki, lakini katika lugha moja vinamsukuma mvivu na katika nyingine vinamzuia mwenye pupa.

Kiarabu kinazo semi nyingine zinazolaumu pupa, hivyo wazo lenyewe si geni huko. Funzo la kimbinu liko kwingine. Asili ya maneno haitoshi kuthibitisha asili ya methali. Waswahili walikopa malighafi, wakaibadili maana, kisha wakajenga msemo unaotembea kwa mwendo wa Kiswahili, wenye takriri ya haraka haraka na ukanushi wa haina. Anayeiandika methali hii katika orodha ya tafsiri kutoka Kiarabu anawanyang'anya watunzi wake kazi yao.

4.0 Ushahidi wa Kitu

4.1 Ngama: chini ya chombo

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ramani ya chombo cha baharini. Omo ni sehemu ya mbele, tezi ni sehemu ya nyuma anakokaa nahodha na mshika usukani, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo, ambako maji yanayoingia hukusanyika na kukumbwa. Fasili iliyozoeleka husema kwamba atembeaye sana mwisho hurudi kwao. Kwa matumizi ya leo fasili hiyo inafaa, lakini kitu chenyewe kinasema zaidi.

Vyombo vya mbao vya Bahari ya Hindi huingiza maji. Periplus ya Bahari ya Erithrea, maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza baada ya Kristo, inavitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na jina la soko la Rhapta linahusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona. Ufundi huo uliendelea kwa karne nyingi katika mtepe wa visiwa vya kaskazini mwa pwani, ambao mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma. Chombo cha namna hiyo hustahimili mawimbi kwa kuwa mbao zake zinajongea kidogo, lakini kujongea huko hufungua njia ya maji. Kukumba maji ilikuwa kazi ya kila siku, na haikumsubiri mtu.

Likisomwa kwa jicho la baharia, neno marejeo linapata uzito mwingine. Mtu anaweza kupunga upepo kwenye omo au kukaa karibu na nahodha kwenye tezi, lakini maji yakiongezeka atashuka ngamani, penye giza, harufu na kazi. Nyumbani kwa methali hii si mahali pa raha. Ni mahali pa wajibu ambao ukiachwa wote huzama. Mwalimu anayeeleza hivyo hampunguzii mwanafunzi maana ya kawaida. Anampa sababu ya kwa nini kurejea kwa asili ni lazima na si hiari.

4.2 Kibaba: chakula cha siku moja

Haba na haba hujaza kibaba. Leo methali hii huonekana katika matangazo ya akiba na katika hotuba za vyama vya kuweka na kukopa. Hueleweka kuwa ahadi ya utajiri: anayeweka kidogo kidogo atakuwa na kingi. Kitu kinachotajwa hakiungi mkono ahadi hiyo.

Kibaba ni kipimo cha ujazo wa nafaka. Vibaba viwili hufanya kisaga, na visaga viwili hufanya pishi. Kwa uzito, kibaba cha nafaka hukaribia robo tatu ya kilo. Ni kipimo kidogo, na matumizi yake mawili yanaonyesha kilikuwa na maana gani kwa watu wa zamani. La kwanza ni posho ya msafara. Richard Burton, aliyesafiri na msafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika juu ya kibaba cha nafaka kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku. La pili ni sheria ya dini. Katika vitabu vya fikihi vya Kiswahili, pishi ndilo neno linalotumika kwa kipimo cha Kiarabu cha saa, na kibaba kwa mudi, ambayo ni robo yake. Mtu asiyeweza kufunga Ramadhani kwa uzee hutoa kibaba kimoja kwa kila siku, ndicho chakula cha maskini mmoja.

Njia mbili zisizohusiana, ya biashara na ya ibada, zinakutana katika jambo moja: kibaba ni mpaka kati ya kula na kulala njaa kwa siku moja. Neno haba nalo linanasibishwa na habba ya Kiarabu, yaani punje. Methali basi ilimzungumzia mtu anayekusanya punje kwa punje mpaka apate mlo wa siku. Iliwafariji waliokuwa na kidogo kabisa, na kipimo cha mafanikio yake kilikuwa kuiona kesho. Mfumo wa metriki ulipoenea baada ya uhuru na kibaba kikaondoka sokoni, methali ilipoteza kipimo chake. Kibaba kikageuka kuwa chombo cha kufikirika, kinachoweza kuwa kikubwa kadiri msemaji apendavyo.

5.0 Sauti za Karne ya 19

5.1 Mwenye mali na mchukuzi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno daftari limesafiri mbali: lilianzia katika neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi iliyotayarishwa kwa kuandikia, likapita katika Kiajemi na Kiarabu, kisha likafika pwani ya Afrika Mashariki. Mazingira yaliyoifanya methali hii iwe na nguvu yanafahamika. Katika karne ya 19 biashara ya Zanzibar ilitegemea mkopo. Forodha ya kisiwa ilikodishwa kwa miongo mingi kwa familia ya wafanyabiashara ya Jairam Shivji. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, kitambaa cha merikani kilimiminika, kikakopeshwa kwa wakuu wa misafara, nao wakakilipa kwa pembe za ndovu baada ya safari iliyoweza kuchukua miaka. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliwezeshwa na mtaji wa Taria Topan. Katika uhusiano wa aina hiyo mdaiwa anaweza kuwa Manyema wakati mdai yuko Unguja, na kilichowaunganisha kilikuwa ukurasa ulioandikwa. Hiyo ni methali ya mwenye mali.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Pakacha ni kikapu kinachosukwa kwa makuti mabichi ya mnazi, hutumika kubebea matunda na mazao kutoka shamba. Kikivuja, mali ya mwenyewe hupungua, na shingo ya mchukuzi hupata ahueni. Fasili za shule husema kwamba hasara ya mmoja ni faida ya mwingine, na huishia hapo. Ni vyema kutazama methali imesimama upande gani. Haimlaumu mchukuzi kwa kutoziba tundu wala kumpa pole mwenye mali. Inauona mzigo kutoka chini yake. Katika uchumi ambao watu wengi walibeba mali isiyo yao, huku sehemu kubwa ya wabebaji wa mashambani wakiwa watumwa, msemo huo ulikuwa na ukali ambao fasili za shule zimeupunguza. Methali ya daftari na methali ya pakacha zinaweza kuwekwa ukurasa mmoja katika kamusi. Katika maisha zilisemwa na watu waliosimama pande mbili za mzigo uleule.

5.2 Mja na muungwana

Uungwana ni vitendo. Msemo huu umekuwa wa wote. Hutumika kumkumbusha mtu atimize ahadi au amheshimu mwenzake. Umbo refu la methali ni hili: Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Katika umbo hilo kuna watu wawili, na mmoja anasifiwa kwa kumshusha mwingine.

Neno mja lina maana pana ya mwanadamu, kiumbe wa Mungu, lakini lina pia maana ya mtumwa. Ulinganisho uliomo katika methali ndio unaoamua. Muungwana katika miji ya pwani alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na kauli mjini. Anapowekwa dhidi ya mja, mja huyo ni yule asiye huru. Methali inasema kwamba mtumwa huishia maneno na mtu huru hutenda. Kihistoria madai hayo ni kinyume cha hali ilivyokuwa, kwa kuwa mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na mashamba ya nafaka ya Malindi yalistawi kwa mikono ya watumwa. Methali iligeuza hadhi kuwa tabia: ilimnyima mtendaji sifa ya kutenda, ikampa mwenye kumtendesha.

Hata hivyo neno muungwana halikutulia. Lilipoingia bara na misafara, lilibadilika njiani. Huko watu wa pwani waliitwa waungwana bila kupekuliwa hadhi zao, hata baadhi ya wale waliokuwa watumwa pwani. Vituo vya Nyangwe na Kasongo katika Kongo ya mashariki vilikuwa na jamii za watu hao na wafuasi wao wenyeji, na Kiswahili kilichokua huko kikapata jina la Kingwana. Mtu aliyeitwa mja pwani aliweza, kwa kutembea mwendo wa miezi kadhaa, kuwa mngwana Manyema. Jina la lugha limeihifadhi safari hiyo.

Sheria zilikuja nyuma ya mabadiliko hayo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873; hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Waliokombolewa hawakusubiri kuitwa waungwana. Walijivika uungwana, na kwa maana halisi. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake wa Zanzibar waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki, nguo nyeusi iliyokuwa alama ya hali yao ya zamani, wakachukua kanga na mavazi ya kujisitiri. Methali isemayo muungwana akivuliwa nguo huchutama inasomeka kwa kina zaidi katika historia hiyo, kwa sababu nguo ilikuwa hati ya heshima ambayo watu waliigharimia.

Leo nusu ya kwanza, yenye mja, husikika kwa nadra, na nusu ya pili imebaki ikisimama peke yake. Kuachwa kwa nusu hiyo ni tukio la kihistoria. Wasemaji waliiondoa hadhi wakauhifadhi wajibu, na uungwana ukawa jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifikia kwa vitendo vyake. Kamusi inayolitaja umbo fupi tu bila kueleza lilikotoka inaficha dhuluma iliyokuwamo na pia inaficha ushindi wa walioifuta.

6.0 Simulizi za Asili na Mipaka Yake

Mifano miwili inaonyesha hatari ya kuanza na hadithi badala ya ushahidi. Wa kwanza ni jina la Bagamoyo, linaloelezwa kutokana na bwaga moyo. Simulizi inayosikika sana husema kwamba ni kilio cha watumwa waliofika ufukweni wakakata tamaa ya kurudi kwao. Simulizi nyingine husema kwamba ni furaha ya wapagazi waliotua mizigo baada ya safari ndefu.

Ushahidi wa lugha unaelemea upande wa pili. Kubwaga ni kitenzi cha mzigo, abwagaye hupumzika. Kwa kukata tamaa Kiswahili kina kuvunjika moyo. Rekodi za biashara zinaelekea huko pia. Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi, na wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Biashara ya watumwa waliopelekwa Unguja ilipitia zaidi Kilwa Kivinje, ikitokea upande wa Ziwa Nyasa. Hilo halimaanishi kwamba Bagamoyo haikuwaona watumwa; misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa hapo mwaka 1868 iliwapokea waliokombolewa. Lakini kulifanya jina la mji kuwa kilio peke yake kunawafuta maelfu ya wapagazi walioujenga mji huo kwa miguu yao, na kunahamisha kumbukumbu ya Kilwa mahali pasipo pake.

Mfano wa pili ni harambee. Simulizi moja hulitenga neno hili katika sehemu mbili na kudai kwamba lilitokana na vibarua wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, wakimwita mungu wa kike Ambe. Vibarua takribani 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, lakini wengi wao walitoka Punjab, na sehemu kubwa walikuwa Waislamu na Masingasinga. Simulizi inategemea kufanana kwa sauti na inawasahau watu wenyewe. Kwa upande mwingine, harambee ina sura zote za wito wa wafanyakazi wa pwani: mmoja huita, wengine huitikia, na kamba huvutwa kwa pamoja. Jomo Kenyatta alipoichukua mwaka 1963 kuwa kaulimbiu ya taifa, ambayo sasa imo katika nembo ya Kenya, aliuchukua wito wa watu wanaovuta kitu kizito ambacho mmoja hakiwezi.

7.0 Hitimisho

Methali zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba historia ya semi haihitaji kubuniwa, kwa kuwa imo ndani yake: katika kiambishi -li- cha hulitia, katika ujazo wa kibaba, katika maji ya ngamani, katika nusu ya methali iliyoachwa. Zinaonyesha pia kwamba methali si sauti ya jamii isiyo na mgawanyiko. Baadhi zilisemwa na waliomiliki, nyingine na waliobeba, na nyingine zilitumiwa kuwaweka watu mahali pao mpaka watu hao wakazigeuza.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kamusi za methali zieleze kitu kinachotajwa, ngeli yake, eneo lake na rekodi ya mapema inayojulikana, kabla ya kutoa fasili ya kimaadili. Walimu wa nchi zisizo na pwani wapewe picha na vielelezo vya vitu hivyo, ili mwanafunzi asilazimike kumtia ndovu maji. Taasisi za Kiswahili za ukanda huu, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zishirikiane kuwarekodi mabaharia, wagema, wachuuzi wa nafaka na wazee wa Kongo ya mashariki wanaozungumza Kingwana, wakati bado wapo wanaoweza kukishika kibaba mkononi na kueleza kilimlisha nani.